Maana na Matumizi ya Kitenzi "Sanifisha": Mtazamo kutoka Kalemie

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kalemie, mji wa bandari ulio kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, akiandika katika insha yake kwamba "batoto banaenda ku masomo", hurudishiwa daftari lake likiwa na mistari mitatu mekundu: wa kwanza chini ya "batoto", wa pili chini ya "banaenda", wa tatu chini ya "ku masomo". Mwalimu mwenye haraka ataandika pembeni "kosa". Mwalimu aliyesoma isimu, asiyependa kumvunja moyo mtoto, ataandika "si sanifu". Huyu wa pili anadhani kwamba amekuwa mpole kuliko mwenzake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba upole huo haupo, na kwamba sababu ya kutokuwapo kwake imo ndani ya neno lenyewe.

Neno tunalolikusudia ni "sanifu", pamoja na kitenzi kilichozaliwa nalo, "sanifisha", na nomino yake "usanifishaji". Kwa muda mrefu maneno haya yametumika kama tafsiri ya kitenzi cha Kiingereza standardize na jamaa zake. Wanafunzi wetu huyachukua kuwa istilahi za kawaida, ambazo kazi yake ni kulitaja jambo bila ya kulihukumu. Historia ya usanifishaji wa Kiswahili imekwisha kuandikwa. Kitabu cha Ireri Mbaabu, Historia ya Usanifishaji wa Kiswahili (1991), kinampa msomaji habari za mikutano na kamati kwa kirefu, nasi hatuna haja ya kuirudia ila pale hoja inapotulazimisha. Tunachotaka hapa ni kulihoji neno: limetoka wapi, limeundwa kwa kanuni gani ya sarufi, na linapovuka ziwa kutoka Kigoma kwenda Kalemie linamfanyia nini mtu anayeambiwa kwamba usemi wake haujawa hivyo.

Bendera, skrubu na reli

Tuanze ugenini. Waingereza walilipata neno standard kutoka Kifaransa cha kale, na maana yake ya awali katika lugha yao ilikuwa bendera ya vita, ile iliyosimikwa juu ya mlingoti ili askari wajue mahali pa kukusanyika. Vita vilivyopiganwa kaskazini ya Uingereza mwaka 1138 vinaitwa hadi leo kwa jina la bendera hiyo. Baadaye neno likahamia kwenye mizani: ratili ya mfalme na yadi ya mfalme, ambazo raia wote walipaswa kulinganishia za kwao. Kitenzi chenyewe kilichelewa sana. Ni mtoto wa karne ya 19, karne ya viwanda. Mwaka 1841 mhandisi Joseph Whitworth alipendekeza kwamba skrubu zote zichongwe kwa meno ya pembe moja na nafasi moja, ili nati iliyotengenezwa katika karakana hii iingie katika skrubu iliyotengenezwa katika karakana ile. Skrubu za watu wengine hazikuwa mbovu. Hazikuwa zikiingiliana tu.

Kalemie ina mfano wake, tena wa chuma. Reli kutoka Kabalo ilifika katika mji huu, uliokuwa ukiitwa Albertville wakati wa Wabelgiji, mwaka 1915. Upana baina ya vyuma vyake ulikuwa milimita 1,000. Reli za kusini ya Katanga, zilizokuwa zikibeba shaba, zilikuwa na milimita 1,067. Katikati ya miaka ya 1950, mitandao hiyo miwili ilipokuwa ikiunganishwa kwa njia ya Kamina hadi Kabalo, ni reli ya Kalemie iliyopanuliwa, kwa milimita 67, ili mabehewa yapite bila ya mizigo kupakuliwa njiani. Ng'ambo ya ziwa, reli iliyofika Kigoma mwaka 1914 ilibaki na milimita 1,000 zake.

Katika kisa hiki kitenzi cha Kiingereza kinaonekana mwili mzima. Kuna vitu viwili visivyolingana. Kuna haja ya kuvilinganisha. Kuna mwenye uwezo wa kuchagua kimoja kiwe kipimo cha kingine. Na kuna upande unaong'olewa vyuma vyake. Milimita 1,067 hazikuwa njema kuliko 1,000, wala hakuna aliyehitaji kusema kwamba ni njema. Zilichaguliwa kwa kuwa zilikuwa upande wenye shaba.

Kiwango, kisasa, sanifu

Waswahili walipokutana na neno hilo hawakulitafsiri kwa neno moja, na hapa ndipo uchambuzi unapoanza kuwa na ladha. Shirika lililoundwa Tanzania mwaka 1975 kusimamia ubora wa bidhaa liliitwa Shirika la Viwango. "Kiwango" kina uhusiano na kitenzi cha zamani "kuwanga", yaani kuhesabu. Ni neno kavu na la haki. Saruji isiyofikia kiwango ina upungufu unaopimika. Mwenye kiwanda anaweza kuuliza kiwango chenyewe ni kipi, naye akaonyeshwa tarakimu.

Reli ikatafsiriwa vinginevyo. Njia mpya yenye upana wa milimita 1,435, ambayo Kenya iliifungua baina ya Mombasa na Nairobi mwaka 2017 na Tanzania ikaanza kuitumia kwa abiria baina ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, kwa Kiingereza ina jina linalotaja kipimo tu. Kwa Kiswahili, hasa cha Tanzania, imeitwa "reli ya kisasa". Msomaji atatabasamu akikumbuka kwamba upana huo ni ule wa George Stephenson, uliotumika katika reli ya Liverpool na Manchester iliyofunguliwa mwaka 1830, na kuwekwa katika sheria ya Uingereza mwaka 1846. Usasa wake unakaribia miaka 200. Treni zenyewe ni za kisasa, hilo halina ubishi. Lakini jina limechukua kipimo likakigeuza sifa.

Lugha ikapewa neno la tatu, nalo ni sifa kubwa kupita zote. "Sanifu" limetoka Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kupanga vitu kwa aina zake na ya kutunga kitabu. Katika Kiswahili kitenzi "kusanifu" kilikuwapo kabla ya kamati yoyote: kusanifu ni kutunga au kubuni kwa ustadi, na hadi leo mchora ramani za nyumba huitwa msanifu wa majengo. Kitu sanifu, kwa maana hiyo, ni kitu kilichopita katika mikono ya fundi. Lipo pia tumizi jingine, la kumsanifu mtu kwa maana ya kumsifu huku ukimkejeli. Hatudai kwamba walioteua istilahi walilikumbuka tumizi hilo. Lakini msemaji wa Kalemie ambaye amesifiwa mara nyingi kwa "Kiswahili chake cha kuchekesha" analijua vizuri, ijapokuwa halijui kwa jina.

Kwa hiyo saruji ina kiwango, reli ina usasa, na lugha ina ustadi. Kiingereza kilikuwa na neno moja kwa yote matatu. Kiswahili, kwa kuyatenganisha, kimekiri jambo ambalo Kiingereza huliacha gizani, nalo ni kwamba lugha iliyoteuliwa kuwa kipimo huheshimiwa kwa namna ambayo saruji haiheshimiwi. Kasoro ni kwamba baada ya kulikiri tumelisahau. Tunalitumia "sanifu" kama kwamba ni "kiwango", na msikilizaji analisikia kama "zuri".

Mfano mzuri wa usahaulifu huo ni majina ya kamusi zetu. Mwaka 1935 Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa kamati tutakayoitaja hapa chini, alitoa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili ambayo katika jina lake ilijiita kitabu cha maneno ya Kiswahili, basi. Mwaka 1939 ikatoka kamusi ya Kiswahili na Kiingereza, A Standard Swahili-English Dictionary. Jina hilo la Kiingereza lina utata wa kupendeza: mtu hawezi kujua kama kilicho standard ni kamusi au ni Kiswahili. Ilipotoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1981, utata ukaisha. Sifa ikaiacha kamusi, ikaja kukaa juu ya lugha.

Sarufi ya lawama

Sasa tuingie katika umbo la kitenzi. Kiswahili kina kundi kubwa la vitenzi vinavyoundwa kwa kulichukua neno la sifa na kulipachika kiambishi cha kusababisha: fupi hutoa fupisha, refu hutoa refusha, safi hutoa safisha, sahihi hutoa sahihisha, rahisi hutoa rahisisha, bora hutoa boresha. "Sanifisha" ni ndugu yao. Haikutokana na kitenzi "kusanifu", kwani ingetokana nacho ingemaanisha kumfanya mtu atunge.

Vitenzi hivi havifanani katika jambo moja ambalo, kwa kadiri tunavyoona, vitabu vyetu vya sarufi hulipita haraka. Ukisema umeifupisha suruali, hujasema kwamba suruali ilikuwa na aibu. Ilikuwa ndefu, na urefu si dhambi. Kesho mtu mrefu zaidi anaweza kuirefusha tena. Lakini ukisema umekisafisha chumba, umesema kwamba kilikuwa kichafu. Ukisema umelisahihisha daftari, umesema kwamba lilikuwa na makosa, au angalau ulilishuku. Ukisema umeiboresha huduma, wanaoitoa watanuna. Tofauti haimo katika kiambishi. Imo katika neno lililobebwa. "Fupi" na "refu" hazisifu wala hazilaumu. "Safi", "sahihi" na "bora" ni sifa, na kila sifa inayotiwa katika kitenzi cha kusababisha huacha nyuma yake lawama juu ya hali iliyotangulia.

Swali basi ni hili: "sanifu" ni ya kundi gani? Wanaisimu huitumia kama kwamba ni ya kundi la "fupi". Husema Kiswahili sanifu na Kiswahili kisicho sanifu kama mtu anayesema mkono wa kulia na mkono wa kushoto. Historia ya neno, kama tulivyoona, inaliweka katika kundi la "safi". Mtu anapoambiwa kwamba lugha ya nyumbani kwao "haijasanifishwa", anasikia mlio uleule wa chumba ambacho hakijasafishwa. Mtu huyo hajakosea kusikia. Amesikia Kiswahili.

Hata hivyo, kitenzi hicho kina uzuri ambao kivumishi hakina. Kitenzi cha kusababisha hakiwezi kusimama bila ya mtendaji. Ukisema "imesanifishwa", sarufi yenyewe inaalika swali: na nani, lini, kwa kupimiwa na kipi? Kivumishi hufunga mlango huo. "Kiswahili sanifu" ni kama mawe ya ufukoni: yapo, yamekuwapo, hakuna aliyeyaweka. Lipo shimo kubwa baina ya "Kiswahili kisicho sanifu" na "Kiswahili kisichosanifishwa". Cha kwanza kina upungufu ndani ya nafsi yake. Cha pili hakina upungufu wowote. Kuna watu fulani ambao hawakukifanyia kazi fulani. Mkato mdogo wa kiambishi cha kutendwa unamwondolea mtoto wa Kalemie mzigo na kuurudisha mahali pake, yaani kwa walioketi katika mikutano.

Mkutano ambao Kalemie haikualikwa

Walioketi tunawajua. Mwaka 1925 kulikuwa na mkutano Dar es Salaam. Mwaka 1928 Mombasa, ambako Kiunguja cha mjini kilichaguliwa badala ya Kimvita. Na tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Kiswahili ikaanza kazi kwa niaba ya nchi nne zilizokuwa chini ya Waingereza, ambazo ni Tanganyika, Kenya, Uganda na Unguja pamoja na Pemba. Mwanzoni haikuwa na mjumbe Mwafrika hata mmoja. Vitabu vya shule vilipita mikononi mwake ili vipewe kibali.

Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. (Tanganyika iliyotajwa hapo juu ni koloni la ng'ambo ya mashariki. Jina hilo sasa halibebwi tena na nchi. Limebaki kwa ziwa, na tangu mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa, kwa jimbo ambalo Kalemie ni makao yake makuu. Historia ina mizaha yake.) Mwaka uleule wa 1928 ambapo wajumbe walikuwa wakibishana Mombasa, John Whitehead na mwenzake L. F. Whitehead walichapisha katika misheni ya Wayika, kwenye mto Lualaba, kitabu chao kwa Kifaransa juu ya Kingwana, wakikiita lahaja ya magharibi ya Kiswahili. Kwa maneno mengine, wakati upande mmoja ulikuwa ukichagua lahaja ya kuwa mama wa wote, upande wa pili ulikuwa ukiandikiwa sarufi yake mbali, wala hapakuwa na barua iliyobishwa baina ya meza hizo mbili.

Kiswahili cha ufuko huu wa magharibi kina njia zaidi ya moja. Kilifika na misafara ya biashara ya karne ya 19. Kikapokewa na misheni, kwanza Mpala, ambako Mapadri Weupe walikabidhiwa kituo mwaka 1885, kisha kusini zaidi katika nchi ya Marungu. Na kikaenezwa na reli, bandari na migodi. Johannes Fabian, katika kitabu chake Language and Colonial Power (1986), ameonyesha jinsi vitabu vidogo vya msamiati na vya maamrisho vilivyokuwa sehemu ya utawala wenyewe katika Kongo. Hatukubaliani na wale wanaokisoma kitabu hicho kana kwamba Kiswahili cha Katanga kilitengenezwa na wakoloni. Watu walikisema sokoni na mitumbwini kabla ya vitabu hivyo na bila ya kuvisoma. Lakini amesaidia kuliondoa wazo kwamba lugha ya kule ni "mabaki" ya lugha ya pwani yaliyochakaa njiani.

Hapa inafaa kukumbuka malalamiko ya Mombasa. Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala, katika Historia ya Kiswahili (1977), waliurudia uamuzi wa kukiacha Kimvita na kuutilia shaka, na wengine baada yao wamefanya hivyo kwa ukali zaidi. Malalamiko hayo ni ya haki, ila ni malalamiko ya mtu aliyeingia mashindanoni akashindwa. Kimvita kilitajwa, kikapimwa, kikakataliwa. Usemi wa Kalemie haukutajwa. Na mtu asiyetajwa hana hata pa kukatia rufani.

Mistari mitatu mekundu

Turudi kwenye daftari. Mstari wa tatu ulikuwa chini ya "ku masomo". Katika Katanga, mahali hutanguliwa na "ku" au "mu": ku soko, mu nyumba. Katika Kiswahili cha pwani, mahali hufuatwa na "-ni": sokoni, nyumbani. Mwanafunzi wa isimu ya Kibantu anajua kwamba "pa", "ku" na "mu" mbele ya nomino ndio mpangilio ulioenea katika lugha za Kibantu, na kwamba ni pwani iliyoachana nao, ikabakiza upatanisho wake katika maneno kama "nyumbani humu" na "sokoni kule". Kama ukale ungekuwa ndio kipimo, mstari mwekundu ungepigwa Unguja.

Ndivyo ilivyo kwa udogo wa vitu. Kiswahili cha pwani hutumia "ki-" na "vi-". Katanga husema "katoto" na "tutoto", kama zinavyosema lugha nyingi za bara. Tena iko "-ak-" ya mwisho wa kitenzi: "tulikuwaka tunavua" humaanisha kwamba kuvua kulikuwa desturi yetu, si tukio la jana. Mwenye kupiga mstari chini ya "tulikuwaka" na kuandika juu yake "tulikuwa" ameondoa silabi moja na maana moja. Edgar Polomé, aliyechunguza Kiswahili cha Lubumbashi katika miaka ya 1960, alikieleza kama lugha yenye kanuni, na waliomfuata wameongeza ushahidi. Ni lazima tuonye kwamba Kalemie si Lubumbashi. Mtu wa mgodini na mtu wa ziwani hawasemi sawasawa, na mwenye kuvuka kwenda Kigoma kuuza na kununua huzoea kubadilisha usemi kabla mashua haijagusa mchanga. Lakini kubadilisha kwake kunathibitisha hoja: hubadilisha mtu mwenye viwili, si mtu mwenye kimoja kilichoharibika.

Na samaki? Wale wadogo wa fedha wanaovuliwa usiku kwa taa ziwani, ambao wataalamu huwaita Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, kwa Mtanzania ni dagaa, kwa Mrundi ni ndagala, kwa Mkongo ni ndakala, na kwa Mzambia ni kapenta. Nchi nne, ziwa moja, samaki yuleyule. Mwenye ghala Kalemie na mwenye ghala Kigoma hawajawahi kukosana kwa sababu ya jina. Hukosana kwa sababu ya uzito wa gunia. Gunia linahitaji kiwango. Jina halihitaji ila kufahamika.

Pingamizi mbili

Msomaji wa jarida hili atakuwa na pingamizi, nasi tunazo mbili ambazo hatuwezi kuzipita.

La kwanza ni kwamba usanifishaji umefanya kazi kubwa. Bila ya tahajia moja, kitabu kilichochapishwa Nairobi kisingesomwa Mwanza, na mwandishi wa Tanga asingepata wasomaji Kampala. Hilo ni kweli kabisa. Makala haya yenyewe yameandikwa kwa Kiswahili cha kamati ile, na mwandishi hana lugha nyingine ya kuwafikia wenzake wa vyuo vingine. Ila neema hiyo ni ile ya reli: mabehewa yanapita. Haithibitishi kwamba milimita za upande mmoja zina ustadi kuliko za upande mwingine, na haitulazimishi kuuita upande wa pili mbovu ili tupate kusafiri.

La pili linatoka Kalemie kwenyewe, nalo ni zito zaidi. Wazazi wengi wa huko wanataka watoto wao wajue kile ambacho katika Katanga kimeitwa kwa muda mrefu "Kiswahili bora". Hawataki kuambiwa na mtu wa chuo kikuu kwamba "batoto" inatosha; wanaona hiyo ni hila ya kuwabakiza watoto wao ufukoni. Tunaliheshimu ombi lao. Lakini tazama neno walilolichagua. "Bora" ni hukumu iliyo wazi. Mtu akisema kitu ni bora, unaweza kumuuliza: kuliko kipi, na kwa kazi gani? Kwa barua ya serikali, kwa Biblia, kwa biashara ya Kigoma, sawa. Kwa kumbembeleza mtoto usiku, je? "Bora" huukubali mjadala huo. "Sanifu", kwa kuwa imevaa joho la sayansi, haiukubali. Kwa maoni yetu watu wa Katanga walikuwa na istilahi ya kienyeji iliyo mbaya zaidi kwa adabu na njema zaidi kwa ukweli.

Jambo hili si la kinadharia tu. Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 inaruhusu lugha za taifa na za mazingira kutumika katika kufundishia, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika katiba ya 2006. Kisha mwaka 2022 nchi hiyo ikaingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Vitabu vitaandikwa, na baadhi yake vitavuka ziwa. Itatubidi kuamua vitabu vya darasa la kwanza Kalemie viseme "ku soko" au "sokoni", na Kamisheni ya Kiswahili iliyoko Zanzibar pamoja na mabaraza ya nchi moja moja yataombwa ushauri. Katika nyaraka za Jumuiya kitenzi kinachopendwa kwa sera na ushuru ni "kuwianisha" au "kuoanisha", vitenzi viwili vinavyodai pande mbili zinazosogeleana. Tunajiuliza kwa nini ushuru wa forodha upate adabu hiyo na lugha ikose.

Pendekezo letu ni dogo. "Sanifisha" ibaki, kwa kuwa imezoeleka na kwa kuwa kama kitenzi humtaja mtendaji; lakini itumike pamoja na yambwa yake na kipimo chake, yaani nini kimesanifishwa, na nani, kwa lahaja ipi. Mwandishi wa tasnifu asiseme "lahaja zisizo sanifu" pale anapokusudia lahaja ambazo hazikusanifishwa. Na pale ambapo kazi inayofanyika ni ya kuzisogeza namna mbili za usemi ziwe karibu, aseme kuwianisha. Tunajua kwamba "Kiswahili kilichosanifishwa mwaka 1930 kwa kufuata Kiunguja" ni maelezo marefu mno kwa jalada la kamusi. Si marefu mno kwa tanbihi ya kwanza ya tasnifu.

Kuhusu yule mwalimu wa Kalemie, nafasi aliyo nayo ukingoni mwa daftari ni ndogo, na ana madaftari mengi ya kumaliza kabla giza halijaingia. Anaweza kuuacha mstari wake chini ya "ku masomo" na kuandika pembeni: "Ng'ambo huandika shuleni."